Mahali Pafaapo Kuwekwa Redio ya Kuitana Katika Motokaa

Redio ya kuitana ni chombo kiwezacho kupokea maneno na kuyapeleka pia. Haifanani na redio ya nyumbani, ambayo kazi yake ni kusikilizwa tu. Polisi huitumia, na walinzi wa mbuga za wanyama, na madereva wa magari ya wagonjwa. Siku hizi watu wengi wana simu za mkononi, na wengine hudhani ya kuwa redio ya kuitana imekwisha kazi yake. Dhana hiyo si kweli. Simu ya mkononi hutegemea mnara. Mnara ukikosa umeme, au ukiwa mbali mno, simu hunyamaza. Redio huweza kuita kutoka gari moja mpaka jingine pasipo mnara wowote. Tena mtu mmoja akisema, wenzake wote waliofungua masafa yale yale husikia kwa mara moja.

Nchi ya Tongaren, iliyo kaskazini ya Kaunti ya Bungoma kuelekea Kitale, yaonyesha vema haja ya chombo hiki. Hapo zamani palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 mashamba hayo yaligawanywa kwa mpango wa makazi, na jamaa nyingi zikapata ardhi. Kwa hiyo nyumba za watu hazikukusanyika pamoja kama mjini, bali zimetawanyika katikati ya mahindi, na njia nyingi ziendazo huko ni za udongo. Wakati wa mvua njia hizo huwa tope la kunata. Wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Ndiyo sababu watu wa huko hupenda gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne.

Basi na tufikiri habari ya dereva aliyekwama usiku kati ya Ndalu na Naitiri, naye amemchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Dereva huyo hatafaidiwa na redio iliyosifiwa dukani. Haja yake ni redio itakayosikika saa ile ile. Na redio iliyo nzuri kabisa, ikifungwa mahali pabaya, yaweza kuwa bubu kwa sababu ya waya mwembamba, au maji yaliyoingia chini ya kiti, au antena iliyofichwa nyuma ya gurudumu la akiba. Kwa hiyo mahali pa kuifunga pafaa kufikiriwa kabla ya fundi kushika keekee na kutoboa tundu la kwanza.

ASILI YA JAMBO HILI

Redio za kwanza katika motokaa za polisi zilikuwa za kusikiliza tu. Polisi wa Detroit, Marekani, walianza kutangaziwa habari garini mwao mwaka 1928. Askari alisikia amri, lakini alipotaka kujibu ilimbidi ashuke atafute simu ya waya. Mwaka 1933 polisi wa mji wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, walianza kutumia redio za kusikia na kujibu pia, nazo zilikuwa ndani ya gari.

Vyombo vya siku zile vilikuwa vizito, kwa maana vilitumia taa za vioo zenye joto kali. Sanduku lake liliwekwa nyuma ya gari penye mizigo, na mbele ya dereva palibaki swichi, kipaza sauti na spika. Baadaye ikaja transista, iliyovumbuliwa mwezi wa Desemba 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na redio ikapungua ukubwa hata ikaweza kukaa chini ya dashibodi. Lakini desturi ile ya zamani ya kugawanya chombo sehemu mbili haikufa. Mpaka leo ziko redio ambazo uso wake wenye vifungo hutengana na sanduku lake, na uso huo ukafungwa mbele, na sanduku likafichwa mbali. Mpango huo ni msaada mkubwa katika gari dogo.

Katika Afrika Mashariki faida ya redio ilionekana sana katika kazi ya uganga. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la Madaktari Warukao, ambalo leo lajulikana kwa jina la Amref. Redio iliwaunganisha madaktari wa Nairobi na hospitali zilizo mbali, na ndege ikaweza kuitwa pasipo kutuma mjumbe. Tangu Katiba ya mwaka 2010, kazi ya magari ya wagonjwa katika Kenya imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la mahali pa kufunga redio si la polisi tu. Lawahusu watu wa Bungoma na Trans Nzoia vilevile.

VITU VINNE VYA KUPATIWA MAHALI

Mtu asemapo kwamba anatafuta mahali pa redio, mara nyingi hufikiri juu ya sanduku peke yake. Kwa kweli vitu ni vinne: sanduku, kipaza sauti, antena, na njia ya waya wa umeme. Kila kimoja kina haja yake. Sanduku lataka ukavu na hewa. Kipaza sauti chataka mkono wa dereva. Antena yataka uwazi na bati kubwa chini yake. Waya wataka njia fupi isiyokwaruzwa. Hakuna mahali pamoja patakapotimiza haja hizi zote, na ndiyo maana fundi mwenye busara huvitafutia mahali mbalimbali.

SANDUKU LA REDIO

Mahali pa kwanza panapofikiriwa ni juu ya dashibodi. Hapo huonekana vizuri, na vifungo hufikiwa upesi. Lakini jua la mchana hulipiga sanduku kupitia kioo, na redio yenyewe hutoa joto kila isemapo. Tena huziba macho ya dereva, na mwizi huiona akiwa bado njiani. Mahali hapo si pazuri, ila kwa uso mdogo ulioachana na sanduku lake.

Mahali pa pili ni chini ya dashibodi, karibu na mti wa gia. Hapa ni pazuri kwa magari mengi. Hata hivyo mambo matatu yatazamwe. Kwanza, goti la abiria lisigonge pembe ya sanduku gari linapofunga breki. Pili, bomba la hewa ya moto lisipulize juu yake. Tatu, mti wa gia upitishwe katika gia zote, pamoja na mti mdogo wa kuunganisha magurudumu ya mbele, maana mara nyingine mkono huwa salama katika gia ya kwanza na ukagonga redio katika gia ya nyuma.

Mahali pa tatu ni chini ya kiti. Hapo pana siri na nafasi, lakini katika nchi ya matope ni pa hatari. Gari livukalo kijito huingiza maji sakafuni, na viatu vya abiria huacha udongo unaojaa katika matundu ya kupozea. Mtu akikosa mahali pengine, alinyanyue sanduku kwa vyuma hata liwe juu ya sakafu, wala asilizungushie magunia. Ikumbukwe pia kwamba katika Land Rover za namna ya Defender betri hukaa chini ya kiti cha mbele. Mvuke wa asidi na redio havipatani, wala chuma kilicholegea kisiruhusiwe kuwa karibu na vichwa vya betri.

Mahali pa nne ni darini, juu ya kioo cha mbele. Maji na matope hayafiki huko, na dereva husikia spika karibu na sikio. Lakini chombo kizito juu ya vichwa vya watu ni hatari gari lipinduliwapo. Redio nyepesi tu ndiyo ifungwe huko, tena kwa bolti zilizoshika chuma cha gari, si bati la urembo.

Mahali pa tano ni nyuma, ukutani mwa chumba cha mizigo, uso wake ukiwa mbele. Kwa gari la wagonjwa mpango huu wafaa sana, maana mhudumu aliye nyuma aweza kupewa spika yake na kipaza sauti chake. Sharti sanduku liwekwe juu kuliko mizigo, ili gunia la mahindi au kitanda cha mgonjwa kisilivunje.

Popote litakapofungwa, sharti tatu hazibadiliki. Pawepo nafasi ya vidole viwili au vitatu nyuma ya mapezi ya kupozea joto. Bolti zishike chuma, wala si plastiki, na ziwekewe washa za springi zisilegee kwa mtikisiko. Na katika magari mapya yenye mifuko ya hewa ya kuokoa watu wakati wa ajali, redio isiwekwe kabisa mbele ya mfuko huo. Mfuko hufunguka kwa ghafula, na chombo kilicho mbele yake hurushwa usoni mwa mtu kama jiwe.

MKONO NA MACHO YA DEREVA

Kenya magari hupita upande wa kushoto, na usukani uko kuume. Mkono wa kushoto wa dereva ndio ushikao gia, na ndio utakaoshika kipaza sauti. Basi kibanio cha kipaza sauti kiwe kushoto kwa usukani, mahali ambapo mkono hukipata gizani pasipo kutazama. Waya wake uliojikunja kama springi usipite mbele ya usukani wala mbele ya kanyagio.

Iko njia rahisi ya kujaribu isiyogharimu kitu. Kabla ya kutoboa, lichukuliwe boksi la karatasi ngumu lenye ukubwa wa redio, likatwe kwa kipimo, kisha lifungwe kwa kamba mahali palipokusudiwa. Kipande cha mti chenye uzi kiwe ndicho kipaza sauti. Dereva na aendeshe gari hivyo muda wa juma moja, katika njia zake za kila siku, amefunga mkanda wa kiti, na abiria wake wameketi. Boksi likikanyagwa, likigongwa, au likimfanya ainamishe kichwa, mahali si pale. Karatasi iliyopondeka ni hasara ndogo. Goti lililovunjika au dashibodi yenye matundu sita ni hasara kubwa.

ANTENA

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa maana huweka fedha nyingi katika redio na kidogo katika antena. Urefu wa antena hutokana na urefu wa wimbi. Mtu akigawanya 300 kwa hesabu ya masafa katika megahezi, hupata urefu wa wimbi kwa mita. Redio ya megahezi 150 ina wimbi la mita 2, na robo yake ni nusu mita; antena ya urefu huo hukaa juu ya paa pasipo taabu. Redio ya megahezi 5, itumikayo kwa safari za mbali sana, ina wimbi la mita 60, na robo yake ni mita 15. Hakuna gari liwezalo kuchukua mti wa namna hiyo, kwa hiyo antena zake hufupishwa kwa koili ya waya, na huwa nzito, nazo hufungwa penye bampa au ubavuni kwa vyuma vya nguvu.

Kwa antena fupi, mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa. Bati la paa hufanya kazi kama nusu ya pili ya antena, na kwa kuwa limeenea pande zote sawasawa, sauti huenda pande zote sawasawa. Antena ikifungwa kwenye bampa la nyuma, mwili wa gari huizuia upande mmoja, na nguvu zake huelekea zaidi upande ule wenye bati nyingi. Gari laweza kusikika vema likielekea Kitale, kisha lisisikike likigeuka kurudi, na dereva akadhani redio imeharibika.

Kimo pia kina hesabu yake. Mawimbi ya megahezi 150 huenda karibu na mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakata. Antena ya gari iliyo mita 2 juu ya ardhi, na mlingoti wa kituo wenye mita 30, huonana kwa kilomita 28 hivi katika nchi tambarare. Magari mawili yenye antena za mita 2 huonana kwa kilomita 12 tu. Vilima hupunguza hesabu hiyo, na kilele huiongeza. Kwa hiyo dereva aliyeshindwa kusikika bondeni na apande mahali palipoinuka kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi mwendo wa mita mia chache huleta jibu.

Magari ya Land Rover, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1948, kwa miaka mingi yalitengenezwa kwa bati la alumini. Antena yenye sumaku haishiki alumini. Sharti ifungwe kwa bolti, na mahali alumini ikutanapo na chuma pasafishwe na kupakwa grisi, isije kutu ikala pote pawili. Gari lenye paa la turubai halina bati la kutosha juu, kwa hiyo antena yake hukaa ubavuni au juu ya bati la mbele. Na penye keria, antena iwe juu kuliko mizigo, maana gunia lililowekwa karibu nayo huvuruga mawimbi, na tawi la mti hung'oa ile isiyo na springi.

Tundu la paa lizibwe kwa mpira na dawa ya kuzuia maji. Kebo ya antena isikunjwe kwa pembe kali wala kubanwa na mlango. Kebo iliyopondwa huonekana nzima kwa nje, lakini nguvu hurudi ndani ya redio na kuichoma. Wala mtu yeyote asiishike antena wakati redio inaposema.

UMEME

Redio ya wati 25 hunywa ampea 5 au 6 isemapo. Redio kubwa ya wati 100 hunywa ampea 20 hivi. Umeme huo uchukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye betri, si katika tundu la kuwashia sigara, ambalo waya wake ni mwembamba. Hesabu ndogo itaonyesha sababu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 2.5, ukienda mita 4 na kurudi mita 4, hupoteza karibu volti 1.1 kwa ampea 20. Betri ya volti 12 huwa imebaki chini ya 11, na redio hukwaruza au kuzimika katikati ya neno. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza chini ya nusu volti. Hivyo sanduku lililo karibu na betri huokoa shaba, na lililo mbali lapasa kupewa waya mnene.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na redio. Waya ukikwaruzwa njiani na kugusa bati, fyuzi iliyo mwishoni haitazuia moto. Penye tundu la bati kati ya injini na chumba cha watu, waya upite ndani ya mpira. Gari lenye volti 24 lisiunganishwe na redio ya volti 12 pasipo chombo cha kupunguza umeme. Na redio iliyoachwa wazi usiku kucha hunywa betri: nusu ampea kwa saa 12 ni ampea-saa 6, na betri kuukuu huenda isiwashe injini asubuhi.

Injini ikiwashwa na mlio mwembamba ukapanda kadiri ya mwendo wake, shaka ni juu ya alteneta. Sauti ya kugongagonga katika injini ya petroli hutoka kwenye plagi. Mara nyingi dawa ni kuusogeza waya wa redio mbali na nyaya za injini, na kuunganisha boneti na mwili wa gari kwa utepe wa shaba.

KUJARIBU NA SHERIA

Kazi ikiisha, fundi apime nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena. Uwiano usiozidi moja na nusu kwa moja ni mzuri, na uliozidi mbili kwa moja lazima utafutiwe sababu. Kisha gari lipelekwe njiani, liite kituo likielekea pande zote nne, injini ikizimwa na ikiwashwa. Baada ya mwezi mmoja wa tope na mashimo bolti zote zikazwe tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la mwisho ni sheria. Masafa ya redio hayawi mali ya yule ayanunuaye redio. Kenya kibali hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Mtu asemaye ovyo katika masafa ya wengine aweza kuzuia wito wa gari la wagonjwa bila kujua. Kwa hiyo kikundi cha wakulima, shule, au zahanati inayotaka redio na ianze na kibali, kisha fundi, kisha boksi la karatasi. Keekee na ije mwisho.